Anzeni na Barua, Kaburi Baadaye



Mwaka wa 54 hivi, Myahudi mmoja wa Tarso, mshona mahema kwa kazi, alikuwa Efeso, bandari iliyokuwa katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Jina lake Paulo. Alikuwa na mvutano na kanisa alilolianzisha mwenyewe ng'ambo ya bahari, Korintho. Waumini wa huko walikuwa wamegawanyika makundi, wanashitakiana mbele ya mahakimu, na baadhi yao walikuwa wameanza kusema kwamba wafu hawafufuki. Paulo akawaandikia. Barua hiyo tunayo hadi leo, ndiyo Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na sura yake ya 15 ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote yanayowataja watu waliosema wamemwona Yesu akiwa hai baada ya kusulubiwa.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Kila Pasaka ikikaribia husikika watu wawili wakibishana. Wa kwanza ni mhubiri: historia imeshathibitisha, kaburi lilikutwa tupu, kesi imekwisha. Wa pili mara nyingi ni kijana aliyesoma mambo kwenye simu yake: hakuna ushahidi wowote, Injili ya kwanza iliandikwa miaka 40 baadaye, hadithi ilikuwa imeshatiwa chumvi. Hawapatani kwa lolote ila moja, nalo ni mahali pa kuanzia. Wote wanakimbilia kaburini, Jumapili alfajiri. Mimi nasema kaburi lina zamu yake, lakini si la kwanza. Anayetaka kupima imani hii kwa mizani ya historia aanze na barua ya Paulo, kwa sababu Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70, ilikuwa bado haijaandikwa barua hiyo ilipopanda meli kwenda Korintho.

Utauliza, huo mwaka wa 54 umetoka wapi? Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema kwamba Paulo, akiwa Korintho, alishitakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Wachimbaji wa Kifaransa waliokuwa wakifukua magofu ya Delphi, Ugiriki, walipata vipande vya jiwe lililochongwa barua ya Kaisari Klaudio, na Galio anatajwa humo. Jiwe lile lina hesabu za utawala wa Kaisari, na kwa hesabu hizo liwali huyo alikuwa kazini kati ya mwaka 51 na 52. Paulo aliondoka Korintho baada ya kesi ile, na barua ikafuata miaka michache baadaye. Ndivyo wanahistoria wanavyofanya kazi: jiwe la Warumi, waliokuwa hawana habari na Wakristo, linakuja kukaza tarehe ya barua ya Mkristo.

Sasa sikilizeni Paulo anasemaje humo. Anasema habari hii hakuitunga yeye. Aliipokea, akaipitisha kama alivyoipokea. Walimu wa Kiyahudi walizungumza hivyo hivyo juu ya mafundisho yaliyohifadhiwa kichwani, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi. Hata sentensi zenyewe zimepangwa kwa mapigo ya kukaririwa: kufa, kuzikwa, kufufuka, kuonekana. Kisha inafuata orodha. Kefa, yaani Petro. Wale Kumi na Wawili. Ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, ambao Paulo anasema wengi wao walikuwa hai bado. Yakobo. Mitume wote. Na wa mwisho, yeye mwenyewe, aliyekuwa akilitesa kanisa.

Aliipokea lini? Hapa inatufaa barua yake nyingine, ya Wagalatia. Anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Petro siku 15, na katika safari hiyo akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Anatia na kiapo kwamba hasemi uongo, maana Wagalatia walikuwa wanamshuku. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Pigeni hesabu: Paulo alikaa na Petro katikati ya miaka ya 30, watu waliohusika wakiwa wazima na mji ule ule aliouawa Yesu ukiwa chini ya miguu yao. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba habari ya kufufuka ilikua polepole, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa imani, inagonga ukuta. Masimulizi ya Injili yanaweza kuwa yalikua. Wala sikatai kwamba Mathayo anasimulia mengi asiyoyataja Marko. Lakini dai lenyewe halikusubiri kukua.

Hili si la waumini peke yao. Gerd Lüdemann, mtaalamu wa Agano Jipya wa Göttingen, Ujerumani, alitoa mwaka 1994 kitabu juu ya ufufuo kilichozua kelele nyingi. Baadaye alitangaza wazi kwamba yeye si Mkristo tena. Kwa maoni yake mwili wa Yesu uliharibika kama mwili wa maiti yeyote. Pamoja na hayo yote, Lüdemann alikubali kwamba ile orodha ni ya miaka michache sana baada ya msalaba, na kwamba Petro na wenzake kweli walipatwa na kitu walichokiona ni Yesu aliyefufuka. Alikiita njozi. Alichokipinga yeye ni maelezo ya tukio. Kwamba kulikuwa na tukio la kuelezwa hakupinga.

Katika orodha ile ya Paulo, hao 500 wananipa taabu. Hawatajwi mahali, hawatajwi siku, na hakuna Injili inayosimulia mkutano huo waziwazi. Wahubiri huwapenda kwa sababu idadi ni kubwa. Mwanahistoria huwapita haraka, na nadhani anafanya vizuri.

Anayemsimamisha ni mtu mmoja: Yakobo.

Yakobo huyu ni yule anayeitwa ndugu yake Bwana. Wakatoliki husema alikuwa jamaa wa karibu, Waprotestanti wengi husema ni mtoto wa Mariamu na Yusufu. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba alikuwa mtu wa nyumbani. Marko anasimulia kwamba jamaa za Yesu walitoka kwenda kumshika wakidhani amerukwa na akili. Yohana anasema ndugu zake hawakumwamini. Kanisa la mwanzo lisingekuwa na faida ya kutunga habari kama hiyo, hasa wakati ndugu hao walikuwa viongozi wake. Kisha Yesu anauawa kifo cha aibu, kifo ambacho Torati ilikihesabu ni laana kwa anayetundikwa mtini. Kama kuna wakati wa ndugu kusema "tuliwaambia," ulikuwa huo.

Miaka michache mbele tunamkuta Yakobo Yerusalemu, nguzo ya kanisa, Paulo mwenyewe akimtaja kabla ya Petro. Na mwisho wake hatuupati kwa Mkristo. Unasimuliwa na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, katika kitabu cha 20 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi. Anasema mwaka 62 liwali Festo alikufa, na mrithi wake Albino alikuwa bado yuko njiani. Kuhani mkuu Anano akautumia mwanya huo: akaitisha baraza, akamshitaki Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, na wengine, wakapigwa mawe. Wayahudi wenye kuishika sheria walichukizwa na jambo lile hata wakalalamika kwa wakubwa, na Anano akavuliwa ukuhani. Josephus hakuwa na haja ya kumsaidia Yakobo. Alikuwa anasimulia ujeuri wa Anano.

Basi tuna mtu asiyemwamini nduguye akiwa hai, anayemwamini baada ya nduguye kusulubiwa, na anayekufa katika imani hiyo miaka 30 baadaye, katika mji ule ule. Kilichopita katikati kinatajwa mara moja tu, kwa maneno machache, katika orodha ya Paulo: alimtokea Yakobo. Hakuna Injili kati ya zile nne inayosimulia mkutano huo. Mtunzi wa hadithi angeliacha pengo hilo? Ndugu asiyeamini anakutana na nduguye aliyetoka kaburini. Habari kama hiyo mtunzi hupambana kuiandika.

Msikilizaji mwenye shaka ana jibu lake, na ni jibu zuri. Waliofiwa huwaona marehemu wao. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano yake na wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzi wao aliyekufa. Nasi hatuhitaji daktari wa Wales kutuambia hili. Ni familia gani kwetu ambayo hajawahi kuamka mtu asubuhi akasema marehemu alinijia usiku, ameagiza hili na lile? Petro alikuwa na huzuni, alikuwa na hatia ya kumkana mwalimu wake. Kwa nini isiwe hivyo?

Lakini hapo hapo kwetu ndipo palipo na jibu la jibu. Mtu aliyejiwa na marehemu hasemi kaburi limefunguka. Anajua tofauti. Anasema marehemu yuko huko aliko na ana neno nasi. Pengine wanakwenda kusafisha kaburi, wanasoma dua au misa. Wayahudi wa karne ya kwanza nao walijua tofauti hiyo: Luka anasema wanafunzi mwanzoni walidhani wanaona roho. Walikuwa na maneno tayari ya kusema mwalimu wetu yuko kwa Mungu, ametutokea, anatuombea. Hakuna ambaye angewapiga mawe kwa hilo. Wakachagua dai gumu zaidi, ambalo halikuwa hata katika matarajio yao. Mafarisayo waliamini kwamba wafu wote watafufuliwa pamoja siku ya mwisho. Kwamba mtu mmoja amefufuka leo, katikati ya wiki za kawaida, Warumi wakiwa bado wanatoza kodi, hilo halikuwa fundisho la mtu yeyote.

Masihi wengine waliouawa walikuwepo. Simon bar Kokhba aliuawa mwaka 135 baada ya uasi mkubwa dhidi ya Roma. Wafuasi wake hawakusema amefufuka. Mfano unaokaribia ni wa juzi tu, wa Rabi Menachem Mendel Schneerson wa New York, aliyekufa mwaka 1994. Baadhi ya wafuasi wake wanaamini yeye ndiye Masihi na kwamba atarudi. Mfano huo unaonyesha tumaini linaweza kuvuka kifo, na sipendi wahubiri wanaoupita kimya. Wanafunzi wa Yesu, hata hivyo, walisema jambo limeshatokea, wakataja nani aliona.

Sasa twendeni kaburini.

Kuna wataalamu wanaosema hapakuwa na kaburi kabisa. Bart Ehrman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2014, anashuku kwamba Warumi walimruhusu mtu kuuzika mwili wa msulubiwa. Desturi yao ilikuwa kuuacha mtini uliwe na ndege. Ni kweli, ndiyo ilikuwa desturi. Ila mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, lilifunguliwa kaburi la familia lenye sanduku la mawe la kuhifadhia mifupa. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya kijana aitwaye Yehohanani, na kisigino chake kilikuwa bado na msumari wa chuma. Msulubiwa wa karne ya kwanza, aliyezikwa kwa heshima na watu wake. Josephus naye anasema Wayahudi waliwashusha waliosulubiwa na kuwazika kabla ya jua kuchwa. Mfupa mmoja hauthibitishi kwamba Yesu alizikwa na Yusufu wa Arimathaya. Unatosha kuonyesha kwamba lilikuwa jambo linalowezekana Yerusalemu wakati wa amani.

Kisha wanawake. Injili zote nne zinasema wa kwanza kufika kaburini walikuwa wanawake, na Maria Magdalena yumo katika zote. Hoja ya kanisa ni mashuhuri: ushahidi wa mwanamke haukuhesabiwa, Josephus mwenyewe anaandika kwamba usikubaliwe, kwa hiyo nani angewatunga mashahidi wasiokubalika? Na kweli, mwishoni mwa karne ya pili mwanafalsafa Celsus aliwadhihaki Wakristo kwa hilo hilo, kwamba imani yao imejengwa juu ya mwanamke aliyepagawa. Hoja ina uzito. Haina uzito wote inaotwishwa. Kazi ya kuwapaka maiti manukato ilikuwa ya wanawake, na kwa masimulizi ya Marko wanaume walikuwa wameshakimbia, kwa hiyo msimulizi hakuwa na wa kumpeleka kaburini ila wao. Ninachokiona kikubwa zaidi ni kwamba katika orodha ya Paulo wanawake hawamo. Orodha iliyokaririshwa hadharani iliwaacha, na Injili zilizokuja baadaye zikawarudisha. Mtu anayetengeneza ushahidi hufanya kinyume: huanza na dhaifu, kisha humwondoa.

Na Marko anamalizaje? Katika nakala mbili kongwe kabisa za Biblia nzima, Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, za karne ya nne, Injili yake inaishia sura ya 16 aya ya 8. Wanawake wanakimbia, hawamwambii mtu neno, wanaogopa. Mistari inayofuata katika Biblia zetu iliongezwa baadaye. Hakuna anayejenga kesi ya kushinda kwa kuimaliza hivyo.

Baada ya haya niseme yale ambayo ningependa yasitumiwe tena mimbarini. Kile kifungu cha kitabu cha 18 cha Josephus kinachosema Yesu aliwatokea wanafunzi siku ya tatu kimeguswa na mkono wa Mkristo aliyekuwa akinakili. Myahudi yule asingeandika vile. Sanda ya Turin ilipimwa kwa kaboni mwaka 1988 na maabara tatu, ikaangukia kati ya 1260 na 1390. Lile jiwe la marumaru lililoko Paris, lenye amri ya Kaisari dhidi ya wavunja makaburi, ambalo husemwa lilitoka Nazareti na kwamba amri ilitolewa kwa sababu ya kaburi la Yesu, lilipimwa tena, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yakaonyesha marumaru yake ilichimbwa kisiwa cha Kos, mbali sana na Galilaya. Na ile hadithi kwamba mitume wote waliuawa kwa kukataa kuikana imani: Petro, Paulo, Yakobo huyu, na Yakobo mwana wa Zebedayo aliyeuawa na Herode Agripa, hao wana ushahidi mzuri au wa kuridhisha. Wengi waliobaki tunawajua kwa masimulizi ya karne za baadaye. Wanne wanatosha. Kwa nini kuongeza chumvi?

Msikilizaji Mwislamu atakuwa ananiuliza tangu mwanzo: mbona unazungumza kama kwamba kusulubiwa ni jambo lililokubaliwa? Surat An-Nisaa, aya ya 157, inasema vinginevyo kuhusu Nabii Isa, na hivyo ndivyo Waislamu wengi wanavyoamini. Nitamjibu kwa heshima na bila kuzunguka. Kwa vigezo vya wanahistoria, hata wasio na dini, kuuawa kwa Yesu chini ya Pontio Pilato ni katika mambo yaliyo imara kabisa katika maisha yake; Tacitus, Mrumi aliyewachukia Wakristo, ameliandika. Mwislamu hajengi juu ya Tacitus. Anajenga juu ya wahyi, na mizani ya wahyi ni nyingine. Mihadhara yetu ingepungua makelele kama kila upande ungesema wazi unapima kwa mizani ipi.

Swali hilo hilo linamrudia Mkristo. Historia inafika hapa: muda mfupi baada ya Yesu kuuawa, marafiki zake, nduguye asiyemwamini na adui yake mmoja walishawishika kwamba wamemwona hai, na wakaishi na kufa hivyo. Ushahidi wa hilo nauhesabu kuwa na nguvu kuliko wa matukio mengi ya zama zile tunayoyafundisha shuleni bila ubishi. Ushahidi wa kaburi tupu ni wa wastani, unaelemea kukubalika. Kusema kwamba Mungu ndiye aliyemfufua ni hatua nyingine, na anayeikanyaga anaikanyaga na yale anayoamini tayari juu ya Mungu. Wala hatua hiyo haina mwisho mmoja. Pinchas Lapide, mwanazuoni wa Kiyahudi mshika dini aliyekufa mwaka 1997, aliupima ushahidi huu akakubali kwamba Mungu alimfufua Yesu kweli, na bado akakataa kwamba Yesu ni Masihi wa Israeli. Akabaki Myahudi.

Basi kabla ya Pasaka, someni kwa mpangilio huu: Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, Wagalatia sura ya kwanza, halafu Marko sura ya 16 mpaka aya ya 8, mfunge kitabu hapo. Haichukui hata saa moja. Na mkikutana na mhubiri wenu mlangoni mwa kanisa Jumapili, mwulizeni mbona hajahubiri kuhusu Yakobo.